Hodi ya Tatu kwenye Besi

Kiongozi wa bendi yetu ana kidole kirefu cha shahada, na siku aliponinyooshea kwa mara ya kwanza nilidhani ananionyesha kitu kibaya kilichosimama nyuma yangu. Niligeuka. Nyuma yangu kulikuwa na mbao zilizoegemezwa ukutani na spika ya besi.

"Besi, jitambulishe," alisema.

Ilikuwa Jumamosi alasiri, mazoezini, katika karakana ya useremala Chang'ombe ambako tunakutana misumeno ikishazimwa. Unga wa mbao ulikuwa bado unaelea hewani na kutua juu ya nyuzi. Vidole vyangu viligoma. Sisemi vilikosea, maana kukosea ni kufanya kitu. Vilisimama tu juu ya gitaa kama vya mtu mwingine, na kwa kuwa vilisimama, besi yote ikanyamaza. Magitaa mengine yakayumba, drams zikapoteza njia, wimbo ukamwagika chini.

"Mwalimu," kiongozi alisema, "nimekuita wewe. Sijamwita mkaguzi wa shule."

Wakacheka, nami nikacheka nao. Kisha nikaanza kupangusa unga wa mbao kwenye nyuzi.

Nieleze kidogo kabla sijaendelea, kwa sababu huenda wewe unayesoma hujawahi kusimama karibu na bendi ya dansi. Wimbo wetu una sehemu mbili. Kwanza watu wanaimbiwa taratibu, habari za mapenzi au za shemeji mchokozi. Kisha linaingia sebene: waimbaji wanasogea pembeni, mwendo unaongezeka, na hapo ndipo watu huinuka vitini. Ndani ya sebene kiongozi huviita vyombo kimoja kimoja, na kila kinachoitwa hupewa nafasi ya kuzungumza peke yake huku vingine vikiteremka chini. Wengine huko nje wanaita hiyo solo. Kwetu solo ni jina la gitaa la kiongozi, lile linalolia juu, kwa hiyo sisi tunasema kujitambulisha.

Besi ina nyuzi nne nene, na kazi yake ni kukaa chini. Mcheza dansi hajui kama anaisikiliza. Muulize amependa nini, atakutajia mwimbaji au gitaa la solo. Lakini iondoe besi uone miguu yake itakavyotangatanga. Mimi niliipenda kwa sababu hiyo hiyo. Nafundisha darasa la kwanza Mtoni. Tangu asubuhi macho ya watoto zaidi ya themanini yako usoni pangu, wananitazama nikikohoa, wananitazama nikitafuta chaki. Nyuma ya besi hakuna anayenitazama. Nasimama karibu na spika, naweka sauti moja nzito pale inapotakiwa, na ukumbi mzima unatembea juu yake bila kuuliza nani ameitandika.

Nilifika karakana ile kwa ajili ya madawati ya shule yaliyovunjika miguu. Gitaa la besi, mali ya bendi, lilikuwa limeegemezwa kwenye kona, mpigaji wake akiwa amehamia Mbeya. Kwenye chuo cha ualimu nilikuwa nikipiga gitaa la kwaya, basi nikaomba niliguse. Seremala mwenye karakana, ambaye ndiye anayetupigia tumba, zile ngoma ndefu za viganja, na sote tunamwita Fundi, alinijibu bila kuinua macho kutoka kwenye randa: "Liguse tu, haling'ati." Miaka miwili ikapita nikiwa nyuma ya gitaa lile. Katika miaka hiyo miwili kiongozi hakuwahi kuniita nijitambulishe hata siku moja, na mimi sikuwahi kumkumbusha.

Wiki moja baada ya vidole vyangu kugoma, mpigaji wa zamani akarudi kutoka Mbeya.

Ingekuwa rahisi kama angekuwa mtu mbaya. Alikuja amebeba gitaa lake mwenyewe mgongoni, akawapa wote mikono, akafika kwangu.

"Shikamoo braza," nilisema, maana ananizidi miaka kumi hivi.

"Marahaba, sista. Nasikia umenitunzia kiti."

Akasema hivyo akitabasamu, bila sumu yoyote. Kisha wakampa nafasi apige kidogo. Alikuwa anazigonga nyuzi kwa dole gumba na kuzikwanyua kwa kidole cha shahada, zikatoa mlio kama mtu anayepasua kuni huku anaimba. Hata Fundi aliacha tumba akatazama.

Kiongozi alituita wawili pembeni, karibu na mashine ya kuranda. Alisema ameahidiwa ukumbi mmoja Mtoni, jirani na barabara ya Kilwa, kila Jumapili alasiri. Jumapili ya kwanza itakuwa baada ya wiki tatu. "Sufuria moja, miiko miwili, ugali haupikiki," alisema. "Nusu ya kwanza atapiga braza. Nusu ya pili, mwalimu. Kila mmoja nitamwita kwenye sebene. Baada ya hapo tutajua nani anabaki na besi."

Nilikubali kwa kichwa. Nilikuwa nimeelewa hesabu yake vizuri kuliko nilivyotaka: ili nibaki mahali pangu pa kujificha, ilinibidi nitoke hadharani nikatazamwe.

Nikaanza mazoezi chumbani kwangu. Sina spika nyumbani, na gitaa la besi lisilo na umeme halisikiki, linanong'ona kama mtu aliyekauka koo. Kuna ujanja tunaoujua sisi tusio na spika: unaiegemeza pembe ya gitaa kwenye kitu kikubwa cha mbao. Mimi nilikuwa nakaa kitandani na kulisukumia gitaa kwenye kabati la nguo, basi kabati lote likageuka spika. Ukipiga kwa nguvu ya kutosha, unasikia mpaka mbavuni.

Jirani yangu, mama mmoja tunayetenganishwa naye na ukuta wa tofali moja, alinisimamisha uani tukianua nguo.

"Mwalimu, kabati lako lina nini? Jana limenguruma mpaka vikombe vyangu vikahama."

"Ni mazoezi, mama. Nisamehe."

"Liambie lipunguze. Mie nina presha."

Sikupunguza, niliongeza tu nguo kabatini ili lisitetemeshe ukuta. Hofu ilikuwa imeshanikamata. Nilitazama kwenye simu watu wa nchi za mbali wakipiga besi kama wanaofukuza kuku, nikawaiga kipande hapa na kipande pale, nikaviunga. Nilipomaliza kuunga nilikuwa na noti nyingi kuliko watoto wa darasa langu. Watoto wakihesabu moja mpaka kumi, mimi nilikuwa nahesabu vipigo vya muziki, na mara mbili walifika kumi wakanisubiri niwaambie wameze mate waanze tena, nami nilikuwa nimekwenda zangu. Jioni, kabla sijashika gitaa, nilikuwa naenda msalani mara tatu. Nayasema haya kwa sababu mwanafunzi mwenye hofu hudhani ni yeye peke yake tumbo linamsaliti. Si wewe peke yako.

Jumamosi ya pili, kiongozi aliniita tena kwenye sebene. Safari hii vidole havikugoma. Nilimwaga vyote nilivyokuwa navyo.

Nikasikia sauti ya ajabu ikitoka kwenye spika nyuma yangu, mngurumo mmoja mrefu kama lori linalopandisha mlima na gia mbovu. Nilidhani spika imeharibika. Kumbe ni mimi. Majuma yote yale nilikuwa nimejifunza kuzipiga nyuzi kwa nguvu ili kabati lisikie, na mkono wangu ukazoea hivyo. Kabati halina umeme, noti ikishapigwa inakufa hapo hapo. Spika haisahau. Ukiipa noti nzito inabaki nayo, na nyingine ikija inaikuta ya kwanza bado imekaa mlangoni.

Fundi alisimamisha tumba kwa viganja vyote viwili. "Mwalimu, unaua nyoka?"

Wakacheka tena. Braza peke yake hakucheka. Alitazama chini akijifanya anakaza uzi wa gitaa lake, na huruma yake ile iliniumiza kuliko kicheko. Kiongozi akatupeleka kwenye wimbo mwingine.

Kama nawe unajifunza bila spika, kumbuka hilo. Sikiliza kwa mbao, lakini mkono wako uufundishe kugusa, usiufundishe kupiga. Mimi nililijua kwa kuchelewa, zikiwa zimebaki siku nane.

Wengine walipoondoka, Fundi aliniambia nisubiri. Aliketi kwenye benchi lake la kazi, akapangusa vumbi na kunionyesha mahali pa kukaa.

"Weka gitaa chini," alisema. "Imba."

"Niimbe nini, Fundi?"

"Hicho ulichotaka kukisema pale ulipoitwa."

Nikafikiri. "Sikuwa na kitu cha kusema. Nilikuwa na noti."

"Basi ndiyo maana." Fundi ni mtu wa kusini, na anapoeleza jambo hana haraka. "Sie kwetu ngoma inafundishwaga kwa mdomo kwanza. Mtoto hagusi ngozi mpaka aweze kuitamka ngoma yote. Mdomo ukikosa, mkono utatoa wapi? Haya. Ukifika nyumba ya watu unafanyaje?"

"Napiga hodi."

"Piga."

Nikasema hodi. Akatikisa kichwa. "Hiyo ya kusoma ubaoni. Piga ya mlangoni."

Nikaisema kama tunavyoisema uani kwetu, ile ndefu mwanzoni na fupi mwishoni, inayoteremka. Hooo-di. Akanipa gitaa. Nikatafuta sauti mbili shingoni mwa besi, ya kwanza nikaiacha ikae, ya pili nikaikata. Ilikuwa ni hodi kabisa. Mtu yeyote wa pwani angegeuza kichwa.

"Unapiga mara ngapi?"

"Tatu."

"Halafu?"

"Nikikaribishwa naingia. Nisipojibiwa hata ya tatu, naondoka."

"Huko ndiko kujitambulisha kwako," alisema. "Mie nitakuwa ndani. Ukipiga ya tatu nakuitikia kwa tumba, ka-ri-bu. Hapo ndipo uingie useme shida yako."

Ilisikika rahisi mno nikaona haya. Lakini tulipoanza kuifanya ndipo nikajua ugumu uko wapi. Haukuwa kwenye zile sauti mbili. Ulikuwa kati ya hodi na hodi. Mtu akipiga hodi ananyamaza, anasikiliza kama kuna nyayo ndani. Fundi alitaka nikae kimya vipigo vinne vizima kabla ya hodi inayofuata, na ndani ya vipigo hivyo vinne mimi nilikufa. Kimya kile kilikuwa kinanitazama. Nikipiga hodi ya kwanza, kabla vipigo viwili havijaisha nilikuwa nimeshapiga ya pili na ya tatu, kisha nimeingia mpaka sebuleni.

"Mwalimu," Fundi alisema, "umeingia mie bado natafuta shati."

Tulirudia, nikamkuta tena hana shati. Tulirudia mpaka mwadhini wa msikiti wa jirani alipoanza, tukasubiri amalize, tukarudia.

Nikienda nyumbani niliwaza jambo moja lililonishangaza. Darasani nasubiri vizuri. Nikimuuliza mtoto swali, nahesabu mpaka tano moyoni kabla sijamsaidia, na mara nyingi jibu linakuja kwenye nne. Walimu wapya nawaambia wafanye hivyo, wasimnyang'anye mtoto kimya chake. Kwa nini basi nisiweze kusubiri vipigo vinne? Nikajijibu: kwa sababu darasani anayeogopa ni mtoto.

Siku zilizobaki niliacha kabati. Nilikaa kitandani bila kuliegemeza gitaa popote, nikagusa nyuzi taratibu kabisa, nikaimba kwa mdomo. Hodi. Moja, mbili, tatu, nne. Hodi. Jirani aliitikia mara moja kutoka upande wa pili, "Karibu, nani?" kisha akacheka mwenyewe. Kipande cha kuingia nikakifupisha. Nilitupa vyote nilivyowaiga watu wa kwenye simu, nikabakiza maneno machache niliyoweza kuyaimba: salamu, neno la pili linalofanana na salamu ila linapanda mwishoni, kisha kushuka na kuaga, na mguu kutua kwenye kipigo cha kwanza pamoja na wenzangu. Kama unataka kuunda solo yako ya kwanza, hilo tu linatosha. Sema kitu kifupi. Kiseme tena, ukibadilishe kidogo. Rudi nyumbani kwa wakati.

Jumapili ilifika. Ukumbi ulikuwa na paa la bati na sakafu ya saruji iliyosuguliwa mpaka inang'aa, na jukwaa la urefu wa ngazi moja tu, kwa hiyo wachezaji walikuwa karibu yetu kiasi cha kutusalimia. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki pembeni nikimsikiliza braza nusu ya kwanza. Alipoitwa, aligonga na kukwanyua, akapanda juu kabisa ya shingo ya gitaa, akashuka kama mtu anayeteremka ngazi tatu tatu. Watu waliacha kucheza wakasogea. Simu zikainuliwa. Alipomaliza walimpigia makofi na mbinja, na mimi nilipiga makofi pia, mikono yangu ikiwa ya baridi kama imetoka kwenye jokofu.

Aliteremka akiwa anatiririka jasho, akaniona nilivyovishika vidole.

"Baridi?"

"Kabisa, braza."

"Ifiche mikono kwapani. Ikae hapo mpaka uitwe. Mie nilikuwaga nafanya hivyo miaka mingi."

Nikaificha. Nilifikiri, mtu huyu anastahili besi. Wazo hilo halikunipa amani hata kidogo.

Nusu ya pili ilipoanza nilikuwa salama kwa nyimbo mbili. Chini kule napajua. Wimbo wa tatu, sebene likaingia, watu wakajaa sakafuni, kiongozi akaita gitaa la ridhimu, akaita drams, na kila alipoita nilihisi zamu yangu ikisogea kama mgonjwa anayesubiri sindano. Kidole kile kirefu kikanyooka.

"Besi, jitambulishe."

Magitaa yakateremka. Zikabaki drams kidogo na tumba. Nikapiga hodi ya kwanza.

Niliogopa kuua nyoka tena, kwa hiyo niligusa nyuzi kidogo tu. Hofu nayo ikachukua kile kidogo kilichobaki. Hodi ilitoka kama ya mtu anayemwomba Mungu wenye nyumba wasiwepo. Nikasubiri. Nilifaulu kusubiri, vipigo vinne vyote, nikizitazama ndala za mcheza dansi mmoja zikiteleza kwenye saruji. Nikapiga ya pili, ikatoka hafifu vilevile. Nikasubiri. Nikapiga ya tatu. Nikasubiri ile "karibu" ya Fundi.

Haikuja.

Niligeuza macho kwa Fundi. Alikuwa anapiga mwendo ule ule, shingo imeinama upande wangu, sikio mbele, uso umejikunja. Hakuwa amesikia. Alikuwa bado anangojea nianze.

Sijui ilidumu muda gani. Kwenye hesabu ya wimbo labda ni vipigo vinne vingine. Najua kwamba maneno yote niliyoyaandaa yaliondoka kichwani, moja baada ya jingine, kama watoto kengele ya kwenda nyumbani ikilia. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwa watu, nimepiga hodi tatu, hakuna aliyejibu. Na mkono wangu, ambao tangu utotoni umefundishwa kinachofanywa hapo, ukafanya. Ukaondoka. Ulishuka kwenye uzi mnene kabisa, ukatua kwenye kipigo cha kwanza, ukaanza kutembea njia yake ya kila siku. Magitaa yakaniona nimerudi, yakarudi. Kiongozi akaita kitu kingine.

Hakuna aliyepiga makofi. Wachezaji waliendelea kucheza kama vile hakuna lililotokea. Nilipiga nyimbo zilizobaki nikijua nazipiga kwa mara ya mwisho, na niliagana na nyuzi moja moja.

Tulipokuwa tunakunja nyaya, mama anayesimamia ukumbi alikuja kuzungumza na kiongozi. Sote tulikuwa pale, hakuna aliyefukuzwa, kwa hiyo nilisikia.

"Yule kaka wa mwanzo ni fundi kweli," alisema. "Sijakataa. Lakini watu wamesimama kumtazama. Mie nataka wacheze. Mtu akisimama anakumbuka nyumbani. Huyu dada sijui amefanya nini pale katikati, ila hawajaacha kucheza."

Kiongozi alimtazama Fundi. Fundi alikuna kidevu. "Braza alipokuwa anajitambulisha, mie nilikuwa napiga peke yangu," alisema. "Sikuwa na mtu chini."

Braza alimaliza kukunja waya wake. Kisha akacheka kwa pua. "Basi mnipe gitaa la kati, lile nililopiga kabla ya besi, maana halina mtu. Sista, kiti chako hicho." Aliniambia akinipa mkono, na mkono wake ulikuwa wa moto.

Ningeweza kunyamaza. Lakini nimefundisha miaka mingi, siwezi kumuacha mtu awekewe tiki kwa jibu alilolipata kwa bahati. Nikamwambia kiongozi kwamba sikukusudia, kwamba mpango ulikuwa mwingine, kwamba niliogopa.

"Najua," alisema. "Uso wako nilikuwa nauona."

"Mie nilitega sikio mpaka shingo imeuma," Fundi alisema. "Mwalimu, ulipiga hodi kweli, au uliifikiria tu?"

Safari hii kicheko kilinitoka chenyewe. Kiongozi akasubiri kiishe. "Besi yako," alisema. "Jumapili ijayo nitakuita tena. Na ubishe hodi kama mtu anayetaka kufunguliwa."

Ungedhani hofu ilipungua. Iliongezeka. Kabla ya hapo nilikuwa naogopa kupoteza kitu ambacho pengine hakikuwa changu. Sasa nilikuwa nimepewa, mbele ya watu, na aliyenipisha atakuwa hatua mbili kutoka kwangu akipiga gitaa la kati na kusikiliza. Wiki nzima nilitafuta mahali pa katikati, kati ya mkono wa kabati na mkono wa kuomba wasiwepo. Nilimpata mwalimu nisiyemtarajia. Nilimwomba jirani akae chumbani kwake, nikawa napiga hodi kwa mdomo kutoka kwangu, kwanza chini, kisha juu kidogo, na yeye aitikie tu pale ambapo angeitikia kweli. Akasema, "Hiyo ya kwanza ni ya mwizi. Hiyo nyingine ni ya polisi. Hiyo hapo, hiyo hiyo, hiyo nakufungulia." Nikaukumbuka uzito wa ile sauti mdomoni, nikaupeleka kidoleni.

Jumapili hiyo mikono ilikaa kwapani tangu tulipofika mpaka wimbo wa kwanza. Niliitwa kwenye wimbo wa nne. Nikapiga hodi ya kwanza, ile ambayo jirani angenifungulia.

Ilitoka. Niliisikia ikipita juu ya vichwa, ikigonga ukuta wa mwisho na kukaa. Nikahesabu. Moja. Kimya kile kikaja kunitazama kama kawaida yake. Mbili, tatu, nne. Fundi alikuwa ananyanyua nyusi, amesikia, anajiandaa kwa ya tatu. Nikapiga ya pili.

Chini ya jukwaa palikuwa na mama mmoja mnene aliyevaa kitenge cha bluu, anacheza peke yake, amefumba macho. Hakuyafumbua. Hakuacha kucheza. Vipigo viwili tu baada ya hodi yangu alijibu kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliye jikoni na mikono imelowa maji.

"Karibu."

Mimi nilikuwa nimejiandaa kupiga hodi ya tatu. Kila kitu nilichokijua kilikuwa kinaanzia baada ya hodi ya tatu. Nilimtazama Fundi, naye alikuwa anacheka kwa meno yote, viganja vimesimama juu ya tumba, hana msaada wowote wa kunipa. Mlango umefunguliwa. Mtu akishakukaribisha huwezi kuendelea kubisha.

Nikaingia. Nilianza na salamu, ikatoka mapema na kwa kuyumba kidogo, kisha nikairudia ikipanda mwishoni kama nilivyoiimba kitandani. Neno la kuaga lilinipotea. Badala yake kilikuja kingine ambacho sikuwahi kukifanyia mazoezi na ambacho mpaka leo sikikumbuki sawasawa, kifupi, cha chini, kinachofanana na mtu anayevuta kiti na kukaa. Fundi akakigonga kwenye tumba kunionyesha kwamba amekisikia. Mguu wangu ukatua kwenye kipigo cha kwanza, na braza alikuwa ameshafika pale na gitaa lake la kati, ananingoja.

Kiongozi alishaita tumba. Nilikaa chini kwenye uzi mnene. Yule mama alikuwa bado anacheza, amefumba macho.